Mtangazaji wa Redio Akitaka Kusomea Uhusiano Mwema: Jibu kwa Msomaji wa Kisumu

Swali: Mimi ni mtangazaji katika redio ndogo ya jamii hapa Kisumu, na nina stashahada ya uandishi wa habari. Nimeifanya kazi hii kwa miaka minne. Mwezi Septemba ninatarajia kuanza shahada ya mawasiliano na uhusiano mwema, nikisoma jioni na wikendi huku nikiendelea na zamu yangu ya asubuhi. Mjomba wangu, ambaye ndiye atakayenisaidia kulipa karo, anauliza kwa nini mtu anayejua kuzungumza na watu akasomee kuzungumza na watu. Anasema maafisa wa uhusiano aliowaona kazi yao ni kupokea wageni na kupiga picha. Tena kuna ofisi moja ambayo imeniomba niwe nikiwaandikia taarifa zao kwa malipo madogo. Masomo haya yatabadilisha nini katika kazi yangu, na yatanifikisha wapi?

Jibu: Dada yangu, nianze na mjomba wako, kwa sababu hajakosea sana. Ukizunguka katika ofisi nyingi za mji huu, za umma na za binafsi, utamkuta afisa ambaye cheo chake kimeandikwa vizuri mlangoni, naye siku nzima anahesabu viti vya wageni, anafuatilia keki, na kumpigia simu mpiga picha aliyechelewa. Nami nimewahi kuwa afisa huyo. Kazi hiyo haina aibu, maana mgeni asiyepokelewa vizuri huondoka na neno, lakini hakuna haja ya kulipa karo ya miaka minne ili kuifanya. Kwa hiyo swali la mjomba wako ni la haki. Mwambie kwamba masomo haya, yakifundishwa sawasawa, hufundisha zaidi kusikiliza kuliko kuzungumza: kusikiliza kwa utaratibu kabla taasisi haijafungua kinywa, na kisha kuyafikisha yaliyosikika kwa mtu mwenye uwezo wa kubadilisha uamuzi. Stadi nyingine zote utakazofundishwa, kuanzia uandishi wa taarifa hadi upangaji wa vikao na wanahabari, zina thamani kwa kadiri zinavyosimama juu ya usikilizaji huo.

Nitakupa kisa changu mwenyewe, na taasisi sitaitaja. Nilikuwa na miaka miwili katika kazi ya uhusiano, nikiwa nimetoka chumba cha habari kama wewe, na nilijiona fundi wa maneno. Mabomba makubwa ya maji yalikuwa yakarabatiwe, na kwa majuma matatu mitaa kadhaa ya mji ingepata maji kwa zamu. Niliandika tangazo kwa Kiswahili nilichokionea fahari: mgao wa maji utafanyika Jumanne na Ijumaa, na chini yake orodha ya mitaa. Jumanne hiyo, kabla ya saa mbili asubuhi, akina mama wapatao arobaini walikuwa wamepanga foleni langoni petu na mitungi ya manjano, wakisubiri lori. Katika masikio yangu ya ofisini, mgao ulikuwa ni kupunguziwa. Katika masikio yao, waliouzoea mgao wa unga na mablanketi wakati wa mafuriko ya Nyando, mgao ni kupewa. Hakuna aliyekosea Kiswahili pale. Neno lina maana zote mbili, nami nilikuwa nimechagua moja na kudhani kila mtu amechagua pamoja nami. Sikuwa nimemsomea tangazo lile hata mtu mmoja aliye nje ya ofisi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda soko la Kibuye, siku ambayo soko hilo hufurika, nikawauliza wachuuzi mmoja mmoja habari za maji walizisikia wapi. Mmoja aliambiwa na mweka hazina wa chama chake. Wawili walisikia kanisani, baada ya sadaka, wakati wa matangazo. Wengi walisikia alfajiri kupitia redio ya Kidholuo, mtangazaji akilieleza tangazo langu kwa maneno yake mwenyewe, ambayo, ni lazima nikiri, yalikuwa bora kuliko yangu. Hakuna hata mmoja aliyelisoma gazetini, na gazeti ndilo lililokuwa limekula sehemu kubwa ya bajeti. Miaka michache baadaye, nilipokuwa darasani nikisomea fani hii, mhadhiri alieleza kwamba kazi ya uhusiano huanza kwa utafiti, hufuata mpango, kisha utekelezaji, kisha tathmini, na kwamba ujumbe hujaribiwa kwa watu wachache kabla ya kutolewa kwa wengi. Wenzangu waliandika daftarini kama mtu anayenakili orodha ya sokoni. Mimi niliwaona wale akina mama na mitungi yao.

Hapo ndipo masomo yatakapokubadilisha kwanza. Wewe una sikio tayari, maana mtu hawezi kuendesha kipindi cha asubuhi kwa miaka minne bila kujua watu wanalalamikia nini. Lakini wapigaji simu wako ni watu wa namna fulani: ni wale wenye muda, wenye salio, na aghalabu wenye hasira. Mama anayekaanga samaki katika ufuo wa Dunga tangu alfajiri hapigi simu redioni. Mzee wa Nyakach asiyependa kusikika hapigi. Somo la mbinu za utafiti, ambalo wanafunzi wengi huliogopa kwa sababu ya takwimu zilizomo, ndilo litakalokufundisha kutengeneza hojaji, yaani orodha ya maswali ya utafiti, isiyomwelekeza mtu jibu, kuteua sampuli, yaani watu wachache wa kuwawakilisha wengi, ambayo si marafiki zako, kuendesha majadiliano ya vikundi vidogo bila mwenyekiti wa kijiji kuwamaliza wengine maneno, na kuyasoma majibu bila kuyapindisha yafanane na ulichotarajia. Nimewaona wahitimu waliolikwepa somo hilo kwa kunakili kazi za wenzao. Wanaandika vizuri, wanapendeza mbele ya kamera, na kila mara mkurugenzi anapowauliza wamejuaje kwamba wananchi wanataka hivi au vile, hujibu kwamba wanahisi. Mkurugenzi naye ana hisia zake, na cheo chake ni kikubwa, kwa hiyo hisia zake ndizo zinazoshinda.

Utakutana pia na nadharia, na usiidharau. Mwaka wa 1984 wataalamu wawili wa Marekani, James Grunig na Todd Hunt, waliigawa kazi ya uhusiano katika namna nne. Kuna kupiga kelele ili utazamwe, iwe ni kwa kweli au kwa chumvi. Kuna kupasha habari za kweli kwa njia moja tu, kutoka kwa taasisi kwenda kwa umma. Kuna kuuchunguza umma ili kuushawishi kwa ustadi zaidi. Na kuna kuzungumza na umma huku taasisi yenyewe ikiwa tayari kubadilika. Wako wanaosema namna hiyo ya nne ni ndoto, kwa kuwa mwenye fedha na mwenye malalamiko hawakai kwenye meza moja kwa usawa, nami nusu yangu inakubaliana nao. Hata hivyo mgawanyo huo umenifaa kama kipimo. Ninapoalikwa kwenye baraza ambalo mradi wake umeshatiwa saini, mkandarasi ameshalipwa sehemu ya kwanza, na wananchi wanaombwa watoe maoni, ninajua mara moja nimekaa katika namna ipi, hata kama mwaliko unasema mazungumzo.

Katika Kenya ya leo jambo hili si la darasani pekee. Katiba ya mwaka wa 2010 iliuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 ikazitaka kaunti ziwe na utaratibu wa mawasiliano ya umma. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka wa 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na jaji akaeleza kwamba haitoshi kuweka tangazo mahali na kunawa mikono. Kaunti itumie makanisa, misikiti, mabaraza, na redio za kitaifa na za lugha za kienyeji, pamoja na mahali pengine ambapo watu hukutana. Niliposoma uamuzi huo nilikumbuka Kibuye. Kile ambacho mimi nilijifunza kwa kufedheheka, sasa kimekuwa hoja ya kisheria, na kaunti inayolipuuza jambo hilo inaweza kupoteza sheria yake ya mapato kwa mwaka mzima. Mweleze mjomba wako hilo. Watu wa umri wake huelewa haraka mambo ya mapato.

Kuna sheria nyingine mbili utakazotakiwa kuzijua kama unavyojua masafa ya redio yako. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016, inayotokana na kifungu cha 35 cha Katiba, inampa raia haki ya kuomba habari kutoka kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ulipokuwa mwanahabari uliiona sheria hiyo kama ufunguo wako. Ukiwa afisa wa mawasiliano, ombi litafika mezani pako, na wewe ndiye utakayemkumbusha mkuu wa idara kwamba kukaa kimya si jibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo itakuzuia kumpiga picha mgonjwa wodini na kuisambaza kwa sababu tu taasisi inataka kuonyesha vitanda vipya.

Sasa niseme juu ya uandishi, maana najua unadhani hapo huna la kuongeza. Kwa sehemu ni kweli. Mtu aliyetoka chumba cha habari huandika taarifa ambayo mhariri anaweza kuitumia, na hilo ni jambo ambalo wahitimu wengi wa fani hii hawaliwezi: huanza na majina na vyeo vya wageni waheshimiwa, na habari yenyewe inaibuka katika aya ya sita, mhariri akiwa ameshalala. Ivy Lee, ambaye huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa kazi hii, alikuwa mwandishi wa magazeti huko New York kabla ya kuhamia upande wa pili. Mwaka wa 1906, treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilipotumbukia majini kutoka darajani katika mji wa Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50, Lee aliishawishi kampuni iwaandikie wanahabari yaliyotokea badala ya kuyaficha, na taarifa ile hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake. Alijua mwandishi anataka nini kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kiti hicho. Nawe unakuja na mali hiyo.

Usichokuja nacho ni uandishi wa kumwelekea mtu mmoja. Redioni unaandika kwa wote. Katika ofisi, andiko lenye uzito kuliko yote huenda likawa waraka wa ukurasa mmoja kwa mkurugenzi, unaomweleza kwamba uamuzi anaotaka kuutangaza Jumatatu utawaumiza wachuuzi wa upande fulani wa stendi, kwamba mwenyekiti wao alishasema hadharani mwezi uliopita kuwa hawatahama, na kwamba kuna njia mbili za kulitatua kabla ya tangazo. Waraka huo hautasomwa hewani na hautakupa jina mtaani. Kwa mtu aliyezoea kutambuliwa kwa sauti kila anapopanda matatu, hilo ni badiliko gumu, na nimewaona wawili watatu waliorudi studioni kwa sababu hiyo. Sikuwalaumu.

Kisha kuna siku ya balaa. Mashua imezama ziwani, bweni limeungua, kipindupindu kimezuka katika mtaa fulani, mtunza fedha ametoroka na akiba za wanachama. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku hizi mshindo hausubiri: kabla taasisi haijaitisha kikao, sauti zilizorekodiwa zimeshazunguka katika makundi ya WhatsApp kutoka Bondo hadi Busia, kila moja ikiwa na idadi yake ya waliokufa. Darasani utafundishwa kwamba taarifa ya saa ya kwanza haihitaji kuwa na mambo mengi. Iseme kinachojulikana kwa hakika, ikiri kisichojulikana bado, ieleze kinachofanywa sasa hivi kwa waliodhurika, na itaje saa ambayo taarifa nyingine itatolewa. Ahadi ya saa ndiyo wengi huisahau, nayo ndiyo inayomzuia mwanahabari kwenda kutafuta jibu kwa jirani asiyejua. Na saa hiyo ikifika, mtokee, hata kama la kusema ni moja tu. Utafundishwa pia kuwatanguliza watu na kuuweka umeme, bima na majengo nyuma. Nimesoma taarifa za ajali zilizoanza kwa kutaja thamani ya gari.

Mfano utakaokutana nao katika kila kozi ni wa kampuni ya Johnson & Johnson. Mwaka wa 1982 watu saba walikufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol ambavyo mtu alikuwa amevitia sumu ya sayanidi. Kampuni iliwaonya watu wasivitumie, ikaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100, na baadaye ikairudisha dawa hiyo katika vifungashio vinavyoonyesha iwapo vimefunguliwa. Mfano huo hufundishwa kama hekaya, na mimi huwaonya wanafunzi wangu waupokee kwa tahadhari, kwa kuwa ni kampuni chache zenye fedha za kufanya vile, na kwa kuwa sumu iliwekwa na mtu wa nje, jambo lililoiacha kampuni na huruma ya umma. Lakini angalia ni nini kilichoiokoa. Maneno mazuri yasingetosha. Kilichofanya kazi ni uamuzi wa kuondoa chupa, na watu wa mawasiliano walikuwa na kauli pale uamuzi ulipofanywa. Afisa anayeitwa baada ya uamuzi, akaambiwa autafutie maneno, hana msaada mkubwa kwa mtu yeyote. Masomo yanaweza kukupa hoja na ushahidi wa kukufikisha kwenye chumba hicho mapema; lakini kukaribishwa humo hutegemea pia mkubwa wako ni mtu wa namna gani, na hilo halimo katika mtaala wowote.

Kuhusu kupima matokeo nitasema kwa ufupi. Bado kuna ofisi zinazokata vipande vya magazeti, zinavipima kwa sentimita, na kumwambia mkurugenzi kwamba nafasi hiyo ingegharimu shilingi kadhaa kama ingelipiwa kama tangazo. Mwaka wa 2010 wataalamu wa upimaji waliokutana Barcelona walitamka wazi kwamba hesabu ya namna hiyo haionyeshi thamani ya mawasiliano. Ukihitimu, uliza badala yake: ni akina mama wangapi walioleta watoto kuchanjwa, ni malalamiko mangapi yaliyopungua kwenye kaunta, na ni wachuuzi wangapi waliojua tarehe ya kuhama kabla tingatinga halijafika.

Maadili ni mahali ambapo nitakaa kidogo, maana ndipo utakapojaribiwa mapema. Ukiwa mwanahabari umeshaona bahasha za fedha, au kile tunachokiita kwa upole nauli. Ukihamia upande wa pili, wewe ndiwe utakayeombwa kuzigawa, tena na mkubwa atakayekuambia kwamba bila hivyo habari haitatoka. Usizigawe. Lipa usafiri wa wazi ambao kila chombo cha habari kinaujua, toa habari yenye uzito, na uvumilie vikao vichache ambavyo viti vitakuwa vitupu. Mtihani mkubwa zaidi ni pale utakapoombwa kukanusha jambo ambalo unajua ni kweli. Liliwahi kunifika. Nilitakiwa kuandika kwamba mashine fulani haikuwa imeharibika, nami nilikuwa nimeiona kwa macho yangu ikiwa imefunguliwa sakafuni. Nilimwambia mkubwa wangu kwamba ningeweza kuandika kuwa inakarabatiwa na kutaja siku itakayorudi, au nisiandike chochote, lakini ile nyingine nisingeiandika, kwa kuwa mafundi sita walioizunguka walikuwa na simu zenye kamera. Alinyamaza, akanuna kwa siku mbili, na tukaandika kwamba inakarabatiwa. Unaona kwamba sikushinda kwa kuhubiri uadilifu. Nilishinda kwa kumwonyesha hatari. Somo la maadili litakupa kanuni, na la usimamizi wa sifa litakupa lugha ambayo wakubwa huielewa. Unayahitaji yote mawili.

Umeuliza masomo yatakufikisha wapi. Zamani jibu lingekuwa Nairobi. Tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka wa 2013, kila serikali ya kaunti na kila bunge la kaunti lina kazi ya mawasiliano ya kufanya, na hapa magharibi nafasi ziko pia katika hospitali za rufaa, vyuo vikuu, kampuni za maji, viwanda vya sukari, vyama vya akiba na mikopo, dayosisi za makanisa, na mashirika mengi yasiyo ya kiserikali yanayoshughulikia afya, uvuvi na mazingira ya ziwa. Utaanza chini, kama msaidizi anayeandika arafa, anayejibu maswali ya mitandao ya kijamii na anayetunza picha. Baada ya miaka kadhaa njia hugawanyika. Wako wanaopanda hadi kuongoza kitengo. Wako wanaojikita katika mawasiliano ya afya au ya mabadiliko ya tabia, ambako utafiti una uzito mkubwa. Na wako wanaofungua ofisi ndogo za ushauri. Nikikutazama kutoka mbali, ningekuelekeza kwenye hiyo ya afya au ya mazingira. Mtu anayeweza kueleza hatari kwa Kidholuo, Kiswahili na Kiingereza bila kuipunguza wala kuitia chumvi, tena anayejua kuendesha hojaji vijijini, hapatikani kwa wingi. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipopanda kupita kiasi na kuzifunika fuo, wataalamu wa maji walikuwa na vipimo vyao na wavuvi walikuwa na alama zao za tangu enzi za mababu, na kila upande ulihitaji mtu wa kuufikisha kwa mwenzake.

Kabla hujalipa karo, hakikisha mambo machache. Eneo letu halina upungufu wa vyuo: Maseno iko karibu, Masinde Muliro iko Kakamega, Moi iko Eldoret, na vyote vinafundisha mawasiliano kwa namna moja au nyingine. Hakikisha kwamba programu yenyewe, wala si chuo pekee, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza iwapo mbinu za utafiti ni somo la lazima na hufundishwa kwa muhula mzima. Uliza mafunzo ya nyanjani huchukua majuma mangapi na ni nani anayekuja kukukagua. Uliza ni wahadhiri wangapi waliowahi kuifanya kazi hiyo nje ya darasa. Chuo kitakachokujibu kwa kukupa kijitabu chenye picha za majengo, kiache. Ukishaanza, jiunge kama mwanafunzi na PRSK, chama cha wataalamu wa uhusiano wa Kenya kilichoanzishwa mwaka wa 1971. Utakutana humo na watu watakaokuambia nafasi za kazi kabla hazijatangazwa, na wengine watakaokusahihisha maandishi bila kukuonea haya.

Limebaki lile la ofisi inayokuomba uwaandikie taarifa, nalo umelitaja kana kwamba ni dogo. Huwezi kuwaandikia taarifa saa tatu usiku na kuisoma hewani kama habari saa moja asubuhi. Kanuni za maadili ya uandishi wa habari nchini zinakutaka uepuke mgongano wa maslahi, lakini hata kama zisingekuwepo, siku mpigaji simu mmoja atakapokuuliza hewani iwapo ofisi hiyo inakulipa, utakuwa umewapotezea wasikilizaji wako imani, na ofisi nayo itakuwa imepoteza ile sauti iliyoitaka kwako. Kama unayahitaji malipo hayo, na ninajua karo si mchezo, zungumza na mhariri wako kwanza, mweleze jina la ofisi na kiasi, na umwombe akuondoe katika habari zozote zinazoihusu. Akikataa, chagua kimoja. Na ukichagua ofisi, barua ya kuiacha zamu ya asubuhi iandike kabla ya kuandika taarifa yao ya kwanza.